Vocha za kibarua na mstari wa Mei 20

Mei 20, 2024 ilipita Kirando kama siku nyingine za mwambao: dagaa juani, mitumbwi mchangani. Siku hiyo ilitimia miaka 20 tangu tarehe ambayo Serikali iliweka mstari kwa Waraka wa Utumishi Na. 1 wa mwaka 2004. Tangu hapo asiye na elimu ya kidato cha nne hakutakiwa kuajiriwa serikalini. Mama yangu mdogo aliikumbuka, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo iliyomgharimu kazi.

Nchi hii iliwahi kuwategemea sana watu wa darasa la saba. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, waliomaliza la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha, maana walimu hawakutosha. Miaka ya 1990 ikaja na mageuzi ya uchumi; watumishi wakapunguzwa na ajira mpya zikabanwa. Lakini wagonjwa hawakupungua. Zahanati za vijijini bado zilihitaji mtu wa kufagia, kuchemsha vifaa na kushika taa mama anapojifungua usiku. Palipokosekana kibali cha kuajiri, alichukuliwa kibarua.

Mama mdogo, naye wa darasa la saba, alianza hivyo mwaka 2001, katika zahanati moja ya mwambao. Alilipwa kwa vocha, mwezi kwa mwezi, na miezi mingine malipo yalichelewa. Hakuwa na cheki namba, hakukatwa mchango wa pensheni, hakuwa na likizo. Barua ya ajira aliipata Agosti 2004. Kazi ilikuwa ileile na ufagio uleule, na hata aliyempangia zamu hakubadilika. Kilichobadilika ni karatasi, nayo ilikuwa imechelewa mstari kwa miezi isiyofika mitatu.

Miaka 13 hakuna aliyemuuliza. Kisha ukaja uhakiki wa vyeti. Aprili 28, 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri Angellah Kairuki alimkabidhi Rais John Magufuli orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Hao walikuwa na kosa la kujibu. Lakini zoezi liliendelea hadi kwa wa darasa la saba, watu ambao hawakughushi chochote kwa kuwa hawakuombwa cheti cha kidato cha nne walipoanza kazi. Madereva, walinzi, watendaji wa vijiji na wahudumu wa afya walikwenda benki wakakuta mshahara haujaingia. Mama mdogo alipata wake wa mwisho Novemba mwaka huo.

Aprili 2018 Waziri George Mkuchika alitoa tamko la Serikali bungeni: walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warejeshwe kazini na walipwe mishahara ya muda wote waliokuwa nje. Nasema wazi kuwa lilikuwa tamko la haki. Mama mdogo alifunga safari hadi Namanyere, kisha Sumbawanga, na bahasha ya vocha zake kifuani. Hoja yake ilikuwa moja: nani aliyefanya kazi ile tangu 2001? Afisa aliyemsikiliza aliitazama barua tu. Kibarua si ajira, akaambiwa, na vocha hazimo kwenye faili.

Hapo ndipo ninapokasirika. Mwajiri ndiye aliyechelewa kuandika barua, na aliyeadhibiwa kwa kuchelewa huko ni mfagiaji. Wala njia ya kudai si fupi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mtumishi wa umma hana ruhusa ya kukimbilia vyombo vya migogoro ya kazi kabla hajamaliza ngazi za rufaa za utumishi wenyewe, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma. Kwa mtu wa Kirando, kila ngazi ni nauli, malazi na siku za kulala njaa. Yeye aliishia ya kwanza.

Miaka iliyofuata kumekuwa na nafuu za hapa na pale. Mwishoni mwa 2022 Serikali ilianza kuwarudishia hata walioondolewa kwa vyeti vya kughushi michango waliyokatwa kwenye mishahara. Miaka ya kibarua haina mchango wa kurudishwa, kwa hiyo haionekani kokote.

Nilikaa naye tukapiga hesabu mkekani. Pensheni inataka michango isiyopungua miezi 180. Kuanzia Agosti 2004 hadi Novemba 2017 ni miezi 160. Pungufu ni 20. Kisha akafungua bahasha. Mchwa wamekula baadhi ya vocha, zilizosalia ni 31, kila moja na dole gumba lake, na zote ni za kabla ya Mei 20, 2004.