Kudumu Si Kubaki Tu: Oleg Blokhin na Dynamo Kyiv, 1969–1988

Oleg Blokhin, mzaliwa wa Kyiv, aliichezea Dynamo ya mji huo kuanzia 1969 hadi 1988. Katika ligi kuu ya Muungano wa Kisovieti alicheza mechi 432 na kufunga mabao 211. Timu ya taifa aliichezea mara 112 na kuifungia mabao 42. Dola lilivunjika mwaka 1991 bila mchezaji yeyote kuzivunja rekodi hizo nne. Miaka hiyo yote husomwa kwa namna mbili: wapo wanaoiona kuwa ushahidi wa uaminifu kwa klabu, na wapo wanaoiona kuwa zao la mpaka uliofungwa. Makala haya yanadai kwamba usomaji wa kwanza hauna msingi, na wa pili ni sahihi lakini hautoshi.

Uaminifu hupimwa pale mtu anapoweza kuondoka. Mwaka 1975 Dynamo iliifunga Bayern Munich katika mechi mbili za Kombe la Super la Ulaya, 1–0 na 2–0, na mabao yote matatu yalikuwa ya Blokhin. Mwaka huohuo alitwaa Ballon d'Or kwa pointi 122, huku Franz Beckenbauer, aliyemfuata, akiwa na 42. Hata hivyo, soko la Ulaya Magharibi halikuwa lake. Kisheria wanasoka wa Kisovieti walihesabiwa kuwa wa ridhaa. Ndiyo maana nyota huyu aliweza kushiriki Olimpiki za 1972 na 1976, akarudi na medali ya shaba mara zote mbili. Ruhusa ya kucheza nje ilikuwa mikononi mwa serikali, naye aliondoka mwaka 1988, akiwa na miaka 35, kwenda Vorwärts Steyr ya Austria. Tukimsifu kwa kutoondoka mapema, tunamsifu kwa uamuzi ambao hakuachiwa aufanye.

Lakini mpaka ulimzuia kutoka nchini tu. Haukumpa namba kikosini. Kocha Valeriy Lobanovskyi, akishirikiana na mwanasayansi Anatoliy Zelentsov, aliwapima wachezaji kwa takwimu na kumtaka kila mmoja akimbie, akabe na ashambulie. Katika mfumo huo sifa za jana hazikumpa mtu namba leo. Ushahidi upo katika fainali mbili za Kombe la Washindi. Mwaka 1975, mjini Basel, Dynamo iliifunga Ferencváros 3–0. Mwaka 1986, mjini Lyon, ikaifunga Atlético Madrid 3–0. Blokhin alifunga katika fainali zote mbili, na kati ya wachezaji 11 walioanza Basel, ni yeye peke yake aliyeanza Lyon.

Aliwezaje? Kipaji chake cha kwanza kilikuwa kasi, na mama yake, Kateryna Adamenko, alikuwa mwanariadha mashuhuri. Alikuwa mfungaji bora wa ligi mwaka 1972, 1973, 1974, 1975 na 1977. Baada ya hapo taji hilo halikumrudia. Hata hivyo, kati ya mataji 8 ya ligi ambayo klabu ilitwaa katika enzi yake, 4 yalikuja baadaye: 1980, 1981, 1985 na 1986. Takwimu hizi zinaonyesha mchezaji aliyekubali kufunga kidogo na bado akahitajika. Kujibadilisha huko hakukuamriwa na askari yeyote wa mpakani.

Kwa hiyo, tunapochunguza maisha ya wanasoka wa enzi hiyo, tutenganishe maswali mawili: nani alimzuia mchezaji kuondoka, na nini kilimfanya aendelee kupangwa. La kwanza hujibiwa na historia ya dola. La pili hujibiwa uwanjani, na kwa Blokhin jibu lake ni bao la Lyon, alilofunga akiwa na miaka 33, miaka 11 baada ya lile la Basel.