Upumuaji na Ufungaji wa Naitrojeni: Historia ya Dhana Kutoka Pwani ya Tanzania Hadi Gitega na Muyinga

Kitenzi kupumua, sawa na guhema cha Kirundi, humpeleka msikilizaji kwenye kifua na mapafu. Katika baiolojia ya seli, hata hivyo, upumuaji ni matumizi ya oksijeni katika kutoa nishati iliyomo katika chakula. Historia ya sianobakteria wa baharini inaonesha uzito wa tofauti hiyo.

Mwaka 1961, Dugdale, Menzel na Ryther walitoa ushahidi kutoka Bahari ya Sargasso kwamba Trichodesmium hufunga naitrojeni ya hewa. Hapo lilizuka fumbo: kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, naitrojenesi, huharibiwa na oksijeni, ilhali sianobakteria huzalisha oksijeni kwa usanisinuru. Mwaka 1968, Fay na wenzake walidai kuwa baadhi ya sianobakteria hufungia naitrojeni ndani ya heterosisti, seli maalumu zenye ukuta mnene. Trichodesmium haina seli hizo, nayo hufunga naitrojeni mchana.

Pwani ya Tanzania ilichangia mjadala huo. Mwaka 1981, Bryceson na Fay walichapisha utafiti uliohusisha ufungaji huo na kukusanyika kwa nyuzi za kiumbe hicho katika mafungu. Mwaka 2001, Berman-Frank na wenzake walionesha kwamba kazi hizo mbili hutenganishwa kwa muda na kwa mahali, na kwamba upumuaji husaidia kupunguza oksijeni. Mwaka uliofuata, Lugomela na wenzake walieleza aina na misimu ya Trichodesmium katika maji ya Tanzania.

Gitega na Muyinga ziko mbali na bahari, lakini maharagwe yanayolimwa huko hutegemea kimeng'enya kilekile. Katika vinundu vya mizizi, legihemoglobini huzuia oksijeni huru isizidi, huku ikiwafikishia bakteria kiasi kinachotosha upumuaji wao.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimeingia katika shule zake. Mwanafunzi wa Muyinga anayefundishwa kuwa kupumua ni kuvuta hewa tu hataelewa namna upumuaji unavyoweza kumlinda bakteria dhidi ya oksijeni. Kwa hiyo, waandaaji wa istilahi na mitaala hawana budi kutenga kupumua na upumuaji wa seli, na kufasili istilahi hii ya pili kwa kazi yake. Shamba la maharagwe lililo jirani na shule litatosha kuwa mfano wa kwanza.