Ile 2 ndogo iliyoanguka Chapwa

Haya, nimerudi. Nilikuwa Tunduma siku kadhaa nikifuatilia habari za foleni ya malori mpakani, nikafikia kwa shangazi yangu kule Chapwa. Malori nitayaandikia siku nyingine. Leo nina kisa cha tarakimu moja tu.

Binti wa shangazi yuko darasa la saba. Jioni moja alinijia na daftari, uso umemkunjamana. Swali lilisema: tafuta eneo la duara lenye nusukipenyo cha sm 7. Yeye kapata 44, mwalimu kaweka kosa.

"Kaka, mbona nimefuata karatasi?"

Nikaitazama karatasi. Kuna mtu alinakili maandishi kutoka ukurasa wa wiki, akayabandika kwenye programu ya kuandikia, akayachapa steshenari. (Ndiyo, ilichapwa Chapwa. Cheka, kisha tuendelee.) Ilisomeka hivi: eneo = πr2. Mtoto katii: 22/7 mara 7 mara 2, jibu 44. Kumbe ni πr², yaani 22/7 mara 7 mara 7, jibu 154. Ile 2 ilipaswa kupanda juu na kuwa ndogo. Njiani ikaanguka.

Kinachouma zaidi ni kwamba 44 ni mzingo wa duara hilohilo. Ni jibu linalofanana na ukweli, ndiyo maana hakulishtukia.

Sasa jiulize, msomaji: hii desturi ya kupandisha tarakimu juu ya mstari ilitoka wapi?

Zamani fomula hazikuwapo. Al-Khwarizmi, yule mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye kitabu chake kiliipa aljebra jina, aliandika hesabu zake kwa maneno matupu. Alama zilikuja polepole. Mwaka 1557 Robert Recorde wa Wales alichoka kurudia maneno ya "ni sawa na", akachora mistari miwili sambamba, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu cha jometri kilichoeneza kipeo kama tarakimu ndogo iliyoketi juu. Mwaka 1706 William Jones, naye wa Wales, akaitumia π kwa duara.

Kwa kalamu mambo yalikuwa rahisi. Balaa lilikuwa kwa wachapaji. Herufi za risasi hukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, na kipande kidogo cha kupanda juu kilidai kazi ya mkono na pesa za ziada. Taipureta nayo ilikuwa hivyohivyo: mpiga chapa alizungusha roli nusu mstari, akapiga 2, akairudisha. Alama asiyokuwa nayo aliiachia nafasi, mtu akaichora kwa kalamu.

Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake. Hisabati ilikuwa imepangwa vibaya, akaona aibu. Akaamua kutengeneza programu yake mwenyewe, TeX. Humo, fomula inayokaa ndani ya sentensi unaizungushia alama ya dola mwanzo na mwisho. Kwa nini dola? Mwenyewe alitania kwamba ni kwa sababu hisabati inasemekana kuwa ghali kuichapa.

Tukaingia zama za wiki (siyo ile ya siku saba, hii jina lake ni la Kihawaii, maana yake "haraka"). Wikipedia ilianza Januari 2001, ya Kiswahili ikafuata 2003. Mwaka huohuo wa 2003 programu inayoiendesha ilifunzwa kusoma lugha ya TeX. Ila miaka ile fomula nyingi zilitoka kama picha. Ikiwa peke yake katikati ya ukurasa, safi kabisa. Ikiwa ndani ya sentensi, picha ilivimba kuliko maneno ya jirani na kukaa juu au chini ya mstari.

Ndiyo maana wahariri wakazoea njia nyepesi kwa fomula ndogo. Herufi ya kigeu inalazwa kwa apostrofi mbili kila upande, ''r'', ila tarakimu husimama wima. Kipeo kinapandishwa hivi: <sup>2</sup>. Kutoa kuna alama yake, siyo kistari cha kuungia maneno. Sehemu na vipeuo virefu ndivyo vinavyoachiwa TeX.

Njia hiyo ni nzuri kwenye kioo cha kompyuta. Ukinakili na kubandika kama maandishi matupu, ile amri ya kupandisha inabaki nyuma, r² inageuka r2. Yule wa steshenari hakufanya hila yoyote. Mashine ilimwangushia tarakimu naye hakujua.

Kwetu hili si jambo dogo. Mhariri anayekaa Dar anadhani ukurasa wake utasomwa kwenye kioo. Ukifika Chapwa ni karatasi, imenakiliwa mara tatu, na anayeisoma ni mtoto mwenye penseli ambaye hana pa kuulizia.

Je, tuache alama? Hapana, alama zimetubeba mbali. Ombi langu kwa wewe unayeandika hisabati kwa Kiswahili ni dogo: weka πr² yako vizuri, halafu katika sentensi hiyohiyo iseme kwa maneno, "pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo". Al-Khwarizmi angekuelewa. Maneno hayaanguki yakibandikwa.

Kabla sijaondoka nilichukua kalamu nyekundu, nikaipandisha ile 2 kwenye karatasi. Binti akarudia hesabu, akapata 154. Kisha akaniuliza: "Na wenzangu wenye karatasi kama hii?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi tulikwenda wote steshenari na kalamu yetu nyekundu.