Keki Zilizovuka Atlantiki

Mwaka 1742 mpiga chapa William Parks wa Williamsburg, Virginia, alitoa kitabu cha mapishi, cha kwanza kuchapwa katika makoloni ya Waingereza huko Amerika. Hakikutungwa Virginia. Kilikuwa The Compleat Housewife cha Eliza Smith, kilichotoka London mwaka 1727. Parks aliacha mapishi ambayo vifaa vyake havikupatikana Amerika, akachapa yaliyobaki.

Kwa miaka hamsini iliyofuata, walowezi waliendelea kuoka kwa vitabu vya Uingereza. Kilichopendwa sana ni cha Hannah Glasse, cha mwaka 1747. Keki yake ya ratili ilitaka siagi ratili moja, unga ratili moja na sukari ratili moja, pamoja na viini vya mayai kumi na viwili na nusu ya ute wake. Aliagiza mchanganyiko upigwe kwa mkono au kwa mwiko mkubwa muda wa saa nzima. Keki hiyo haikutiwa hamira. Iliumuka kwa hewa iliyoingizwa na mpigaji. Katika nyumba za matajiri wa Virginia, mpigaji huyo mara nyingi alikuwa Mwafrika aliyefanywa mtumwa.

Waskoti nao walifika na desturi yao. Kwao mkate wa kila siku ulikuwa wa oti au shayiri, mwembamba, uliookwa juu ya chuma bapa mfano wa tawa la chapati. Amerika walikuta mahindi, nafaka ambayo wenyeji wa bara hilo walikuwa wakiipika kwa karne nyingi kabla ya meli za Ulaya. Walowezi wakajifunza kuoka unga huo mpya kwenye vyuma vyao vya zamani.

Mwaka 1796, mjini Hartford, Connecticut, Amelia Simmons alichapisha American Cookery, kitabu cha kwanza cha mapishi kilichoandikwa na Mmarekani. Alijitambulisha kwenye jalada kuwa ni yatima. Mapishi mengi aliyachukua kwa Waingereza, lakini aliongeza ya mahindi, na katika biskuti na keki za tangawizi alitia kitu kigeni kwa vitabu vya London: chumvi ya majivu. Miti ya Amerika ilichomwa, maji yakapitishwa kwenye majivu, yakachujwa na kuchemshwa hadi kukauka. Chumvi iliyobaki ikisafishwa, kisha ikikutana na maziwa yaliyochacha, hutoa hewa ukaa na kuuumua unga kwa dakika chache. Saa nzima ya kupiga kwa mwiko haikuhitajika tena. Hati ya kwanza ya uvumbuzi iliyotolewa na serikali ya Marekani, tarehe 31 Julai 1790, ilihusu utengenezaji wa chumvi hiyo.

Baadaye Marekani na Uingereza ziliachana katika vipimo pia. Mwaka 1896 Fannie Farmer wa Boston alisisitiza kikombe na kijiko vilivyojazwa na kusawazishwa kwa kisu. Wamarekani wakavishika; Waingereza wakabaki na mizani. Biskuti ya siagi ya Kiskoti inaonyesha kwa nini mizani ina faida: kanuni yake ni sehemu tatu za unga, mbili za siagi na moja ya sukari, kwa uzito.

Mwishoni mwa mwaka 2014 televisheni ya umma ya Marekani, PBS, ilianza kuonyesha shindano la waokaji wa nyumbani wa Uingereza. Ilibidi libadilishwe jina, kwa kuwa lilikuwa na neno Bake-Off, ambalo kampuni ya Pillsbury ilikuwa na haki yake kwa ajili ya shindano lake lililoanza mwaka 1949. Watazamaji waliotaka kujaribu mapishi hayo walikuta yameandikwa kwa gramu.

Kwa hiyo, msomaji, ukipata pishi la keki kutoka Uingereza au Marekani, angalia kwanza ni la upande upi wa bahari. Kikombe cha Marekani ni mililita 237 hivi, na unga ulioshindiliwa ndani yake huzidi kwa uzito ule uliomiminwa taratibu. Ukiwa na mizani, tumia mizani.