Firigisi ya Baba, Mchuzi wa Mtoto: Historia ya Mgao wa Kuku

Mfululizo wetu wa lishe ya nyumbani unaendelea, na leo tunaingia kwenye historia. Nimeigawa vipande 8 ili usome taratibu, hata kama mkono mmoja umembeba mtoto.

1/8
Kuku mmoja akichinjwa nyumbani kwenu, nani anakula kipande gani?

Sehemu nyingi jibu linajulikana hata kabla sufuria haijaipuliwa. Firigisi ya baba. Paja la mgeni. Mama anamalizia shingo na mgongo, tena akiwa jikoni. Mtoto mdogo anapewa mchuzi wa kulainishia ugali. Hakuna aliyeuandika mgao huu, lakini kila mtu anaujua.

Una historia ndefu. Na mimi kama nesi nakutana nao kliniki, kwenye majibu ya wingi wa damu ya wajawazito na ya watoto wa chini ya miaka 2. Ndio maana nataka tuuelewe ulikotoka kabla hatujaanza kupika.

2/8
Kuku si mwenyeji wa Afrika. Babu yake ni kuku mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kati ya mifupa ya zamani kabisa inayohesabiwa kuwa ya kuku wa kufugwa ni ile ya Ban Non Wat, Thailand, ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo.

Kwetu njia mojawapo aliyojia ni Bahari ya Hindi, kwenye vyombo vya wafanyabiashara. Unguja Ukuu, mji wa biashara uliostawi kisiwani Unguja zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya kuku. Huko bara akaenea kila kona na jina lake akalibeba: sisi tunasema kuku, Waganda enkoko, Wanyarwanda inkoko, Waluhya ingokho. Sikiliza hayo majina, ni ndugu kabisa.

Ila kuku wa zamani hakuwa chakula cha kila siku. Alikuwa benki ya nyumba. Anauzwa chumvi ikiisha, anachinjiwa mgeni, anatolewa kwenye mahari na matambiko. Kitu kikiwa adimu hivyo, ukimchinja mmoja kwa watu 9 lazima kuwe na utaratibu wa nani anaanza. Na utaratibu hufuata heshima. Njaa ya mtu na hali ya mwili wake haviulizwi.

3/8
Angalia Buganda. Kwa desturi ya zamani mwanamke mtu mzima hakula kuku, wala mayai, wala nyama ya kondoo. Alimfuga kuku, akampika kwa ustadi, akamfunga kwenye jani la mgomba na kumpika kwa mvuke mpaka nyama inaachia mfupa. Halafu akampelekea mume.

Nenda magharibi mwa Kenya kwa Waluhya, watu wanaosifika kwa kumpenda kuku kuliko nyama yoyote. Huko nako zamani wanawake hawakula kuku, na firigisi, wenyewe wanaiita imondo, ilikuwa ya mwenye nyumba. Kumpelekea baba sahani isiyo na imondo halikuwa jambo dogo.

Kwa nini firigisi, kipande kigumu chenye kutafunika kwa shida? Mimi naona hesabu ni rahisi. Kuku ana mapaja mawili, mabawa mawili, miguu miwili. Firigisi anayo moja tu. Kitu kimoja hakigawanyiki bila ugomvi, kwa hiyo kikawa alama ya mkubwa.

Siandiki haya kuwasema wazee. Mila hizo zililinda heshima ndani ya nyumba, na leo familia nyingi zimeziacha au zimezilegeza. Lakini tuseme ukweli wa mwili: anayepoteza damu kila mwezi, anayejenga damu ya mtoto tumboni, anayevuja damu siku ya kujifungua, ni mama. Na vipande vyenye madini chuma ndivyo hivyo vilivyompita.

4/8
Hapa nakupeleka mbali kidogo, maana dunia ilichelewa sana kujua uhusiano wa maini na damu.

Miaka ya 1920 huko Marekani, daktari George Whipple alichunguza mbwa waliopunguzwa damu makusudi, akitaka kujua chakula gani kinairudisha haraka. Maini yakashinda. Kutokana na kazi hiyo, George Minot na William Murphy wa Boston wakawalisha maini wagonjwa wenye aina ya upungufu wa damu ambayo wakati huo karibu kila aliyeipata alikufa. Mwaka 1926 wakatangaza matokeo ya wagonjwa 45. Walikula maini gramu 120 hadi 240 kila siku, na wakapata nafuu. Mwaka 1934 madaktari hao watatu wakapewa Tuzo ya Nobel. Kilichokuwa kinawaponya wagonjwa wale, vitamini B12, kilitengwa kutoka kwenye maini mwaka 1948.

Maini yao yalikuwa hasa ya ng'ombe. Ya kuku nayo yana utajiri huohuo: madini chuma, B12 na foleti.

5/8
Sasa mama zangu, hii inatuhusu zaidi. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, mwanamke, jina lake Lucy Wills, alikwenda Bombay, India. Wajawazito waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo walikuwa wakipungukiwa damu vibaya, wengine hadi kufa, na sababu haikujulikana.

Lucy alipoangalia wanachokula, akaona wenye hali mbaya zaidi ni maskini wenye mlo duni. Akajaribu kuwapa Marmite, ile paka ya mkate ya rangi nyeusi inayotengenezwa kwa hamira ya bia. Damu ikapanda. Dondoo la maini lisilochujwa sana nalo lilisaidia. Matokeo ya Marmite akayachapisha mwaka 1931. Kitu kilichokuwa kikifanya kazi hiyo kilikuja kujulikana kuwa foleti. Jina la foliki asidi lilitolewa mwaka 1941, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa sababu walikitoa kwenye majani ya spinachi.

Kile kidonge unachopewa kliniki cha madini chuma na foliki asidi, unachokitupa kwenye droo kwa sababu kinakuletea kichefuchefu, kina jasho la Lucy na wale wanawake wa Bombay. Tafadhali kimeze. Chakula ninachokifundisha leo hakikai badala ya kidonge, vinakaa pamoja.

6/8
Basi kitu gani kimebadilika hadi leo nikuambie firigisi inaweza kuwa yako? Kuku amekuwa wengi.

Mwaka 1923 mama mmoja wa Delaware, Marekani, Cecile Steele, aliagiza vifaranga 50 wa kutaga akaletewa 500. Akaamua kuwakuza awauze kwa nyama. Vikauzika, na kufikia 1926 alikuwa amejenga banda la kuku 10,000. Hapo ndipo Wamarekani wengi wanaanza kuhesabu historia ya kuku wa nyama, hawa tunaowaita kuku wa kisasa.

Kuku walipokuwa wengi, viwanda vikaanza kuwauza vipande. Kila mtu akataka kidari na paja. Vilivyobaki vikatafuta wenyewe. Mabawa yalikuwa ya kutia kwenye supu tu mpaka 1964, pale Teressa Bellissimo wa Anchor Bar, mjini Buffalo, alipoyakaanga na kuyapaka mchuzi wa pilipili. Leo bawa lina bei yake. Miguu ambayo Wamarekani hawaitaki inavuka bahari kwenda China, ambako ni kitoweo cha heshima. Afrika Kusini vichwa na miguu vinaitwa "walkie talkies", kichwa kinaongea, mguu unatembea. Ufilipino mguu wa kuku wa kuchoma unaitwa Adidas.

Na kwetu? Pita sokoni jioni. Firigisi zinapimwa kwa kilo, miguu na shingo vimepangwa kwenye beseni. Kwa maelfu ya miaka firigisi ilikuwa moja na ilibidi kuku afe kwanza. Leo unaweza kununua firigisi 15 bila kumwona kuku. Ile sababu ya zamani ya kumpa mtu mmoja tu imekwisha. Iliyobaki ni mazoea.

7/8
Tupike sasa. Watu wengi wanavikwepa vipande hivi kwa sababu vinawatoka vigumu kama kiatu. Kosa la kipande hakuna, ni moto tu.

FIRIGISI. Kuku hana meno, kwa hiyo firigisi ndiyo inayosaga. Ni msuli uliofanya kazi maisha yake yote. Ukiukaanga moja kwa moja unakakamaa. Ipasue, toa mchanga, bandua ule utando wa njano wa ndani. Weka kwenye sufuria na maji ya kufunika, tangawizi, kitunguu swaumu na chumvi kidogo. Ikichemka punguza moto, funika, iache dakika 60 hadi 90 ikitokota polepole. Chomeka uma: ukipita bila kubishana, imeiva. Hapo ndipo unaunga kwa kitunguu, nyanya, karoti na hoho, ukipenda na tui la nazi. Mwishoni kamulia ndimu.

MIGUU NA SHINGO. Miguu imwagie maji ya moto kidogo, menya ngozi ya nje, kata kucha. Chemsha pamoja na shingo kwa moto mdogo saa 1 na nusu hadi 2. Supu ikipoa na kuganda, usishtuke. Ile ni jelatini, inatoka kwenye ngozi na kano zilizolainika. Ni tamu na inashibisha, ila protini yake haijakamilika na kalisi yake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tia dengu au maharage na mboga za majani humohumo.

MAINI. Haya ni kinyume, hayataki muda mrefu. Toa nyongo bila kuipasua, kaanga na kitunguu na nyanya dakika 8 hadi 10. Yaive mpaka ndani kusiwe na wekundu, lakini usiyaache yakawa mchanga.

Usafi: usioshe kuku mbichi chini ya bomba linalorusha maji jikoni kote. Tumia beseni, halafu osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni kabla hujashika kachumbari.

8/8
Nimalizie na mtoto, maana yeye ndiye anayeonewa kimyakimya.

Mchuzi ni maji, chumvi na harufu nzuri. Madini chuma mengi yanabaki kwenye nyama. Ukimpa mtoto wa miezi 7 mchuzi na wakubwa mkala nyama, umemnusisha kuku, hujamlisha. Akiba ya madini chuma aliyozaliwa nayo inaanza kwisha karibu na miezi 6, na maziwa ya mama peke yake hayawezi kuijaza.

Kwa hesabu ya gramu 100 zilizopikwa, maini ya kuku yana madini chuma kama miligramu 11, moyo kama 9, firigisi kama 3, kidari kama 1. Mwenyewe umeona nani anamzidi nani.

Hivyo basi:
• Mtoto aliyetimiza miezi 6: kijiko 1 cha maini yaliyopondwa kwenye uji mzito au viazi, mara 1 kwa wiki. Siku nyingine firigisi iliyolainika na kusagwa kabisa. Usimpe mguu wala shingo ashike, ile mifupa midogo inapalia.
• Mjamzito: firigisi na moyo kula kwa raha. Maini yana vitamini A nyingi sana, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi 3 ya mwanzo. Kipindi cha ujauzito yaache, au zungumza kwanza na mhudumu wako.
• Chai na kahawa zisubiri angalau saa 1 baada ya mlo, zinazuia madini chuma. Ndimu, chungwa na nyanya zinasaidia.
• Kizunguzungu, viganja vyeupe, moyo kwenda mbio: njoo kituo cha afya upimwe damu. Hilo usilimalize kwa supu.

Baba unayesoma hapa, sikunyang'anyi firigisi. Nakuomba Jumapili hii uikate vipande vitatu, kimoja mwekee mama, kimoja mpondee mtoto. Hakuna amri itakayoshinda mkono wako mwenyewe ukigawa mbele ya watoto, maana na wao siku moja watagawa.

Niandikieni: kwenu firigisi ilikuwa ya nani, na sasa ni ya nani? Kipindi kijacho tunazungumzia mayai na ile hofu kwamba mjamzito akila, mtoto anatoka bila nywele.

Usiku mwema.