Nani Anyamaze Kwanza?

Vijana wenzangu, hewa haina ukuta. Mkitaka kuona binadamu wanavyogombania kitu wasichoweza kukishika, twendeni Chicago, Marekani, mwaka 1926.

Kampuni ya Zenith ilikuwa na kituo cha redio, WJAZ. Serikali ilikipa masaa mawili tu kwa wiki, Alhamisi usiku. Masaa mawili! Zenith wakachoka, wakahamia kwenye mawimbi yaliyotengwa kwa ajili ya Kanada. Wakashtakiwa. Aprili 1926 mahakama ikasema sheria ya 1912 haimpi Waziri wa Biashara, Herbert Hoover, uwezo wa kuwazuia. Haya, mlango wazi! Kati ya Julai 1926 na Februari 1927 vituo vipya karibu 200 viliingia hewani, kila mmoja na mawimbi ayapendayo, na nguvu aitakayo. Msikilizaji akifungua redio anapata miluzi na mikoromo tu.

Wajinga? Mimi nasema hapana. Jiweke kwenye kiti cha mwenye kituo. Jirani akipaza sauti, ukibaki chini unamezwa. Lazima nawe upaze. Jirani akitulia, ukipaza unafika mbali zaidi. Kwa vyovyote vile kupaza kunalipa. Tatizo, jirani naye ana akili kama zako. Ni kama bao: huchezi kete zako bila kumwangalia mwenzako. Mwaka 1950 John Nash aliiweka kihesabu hali ambayo hakuna anayefaidika kwa kubadilika peke yake, hata pale ambapo wote wanaumia. Elimu ya mambo kama haya wataalamu wanaiita nadharia ya michezo.

Sasa nani anyamaze kwanza? Februari 1927 ilikuja sheria mpya na tume ya watu 5. Mwaka 1928 tume ikatenga mawimbi 40 yasiyoingiliwa usiku, mengi yakaenda kwa wakubwa, na vituo 164 vikaambiwa vijieleze kwa nini viendelee kuwepo. Hewa ilitulia, ndiyo, lakini vituo vidogo, vikiwemo vya vyuo, ndivyo vilivyobanwa. Mwaka 1994 Marekani ikaanza kuyapiga mawimbi mnada, kwa taratibu zilizobuniwa na wachumi kina Paul Milgrom na Robert Wilson, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Hapo anasema mwenye pesa.

Lakini kuna njia ya tatu. Tangu 1985 Marekani iliacha sehemu ya mawimbi bila leseni, ila nguvu iwe na kikomo. Humo ndimo ilimozaliwa Wi-Fi, kwa kanuni ya 1997: mtambo usikilize kwanza, ukikuta mwingine anasema, usubiri kwa muda wa bahati nasibu, ndipo ujaribu. Mtambo mmoja ukikataa kusubiri, unafaidi. Yote ikikataa, tumerudi Chicago.

Refa wa 1928 alileta utulivu kwa kuwabana wadogo. Kanuni ya 1997 inamtaka hata mkubwa asubiri zamu. Sisi tunaoandika kwenye vijigazeti vya kurasa chache, jamani, tungechagua ipi?