Kaboi wa polepole na watazamaji wa Rungwe: Nani alisema hatuna subira?

Machi 2022, mwongozaji Jane Campion wa New Zealand alitwaa tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora kwa filamu yake, The Power of the Dog. Ni filamu ya kaboi, lakini haina mapambano ya bastola wala steringi anayeokoa kijiji dakika ya mwisho. Inasimulia habari za ndugu wawili wenye ranchi huko Montana, Marekani, mwaka 1925, mjane aliyeolewa na mmoja wao, na kijana wa mjane huyo. Chuki inakua taratibu, kwa kutazamana na kunyamaziana, kwa zaidi ya saa mbili, na mambo mazito mtazamaji anaachiwa ayaunganishe mwenyewe.

Wahakiki waliisifu sana, ikateuliwa kuwania Oscar 12. Watazamaji wa kawaida waligawanyika. Wapo walioiona kazi bora ya mwaka, na wapo walioizima katikati wakilalamika kwamba hakuna kinachotokea.

Ubishi huo una historia ndefu katika ukanda wetu. Miaka karibu 90 iliyopita watu wenye madaraka walikaa wakaamua ni kasi gani ya filamu inayomfaa Mwafrika, na mtazamaji mwenyewe hakuulizwa. Msomaji wa Ibighi, hapa Tukuyu, inamhusu historia hiyo, kwa sababu sehemu yake kubwa inapita katika migodi ambako wanaume wa Rungwe walikwenda kutafuta fedha.

Sinema iliyozaliwa na hofu ya migodi

Mwaka 1932, J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni aliongoza uchunguzi kuhusu migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi tunayoiita Zambia leo. Alitaka kujua migodi hiyo inawafanya nini wanavijiji wanaoacha mashamba na kwenda kuishi kambini. Matokeo yalitoka katika kitabu mwaka 1933, na miongoni mwa mawazo yaliyofuata ni kwamba sinema ingeweza kutumika kuwafundisha Waafrika kuishi katika dunia mpya.

Kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, mradi ulianzishwa Vugiri, katika milima ya Usambara, mwaka 1935. Waliouendesha ni Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Mpaka mradi ulipofungwa mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi zipatazo 35, juu ya safura, mmomonyoko wa udongo, akiba ya posta, kodi na kilimo cha kahawa. Gari lilizibeba likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Maelezo yalitolewa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za wenyeji, na watu walijaa uwanjani usiku kuzitazama.

Wenye mradi walitaka mtazamaji ajifunze. Kama alitaka pia kuburudika, jambo hilo lilikuwa la pembeni.

Kanuni ya polepole

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni na kumweka William Sellers kukiongoza. Sellers alikuwa amefanya kazi ya afya Nigeria na kuonyesha filamu vijijini. Aliamini kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata filamu za kawaida, na hapo zikatoka kanuni: picha ikae muda mrefu, jambo moja limalizike kabla ya jingine, kamera isirukeruke, ujanja wa kuhariri uepukwe.

Kisa kimoja kilirudiwa sana katika ofisi za makoloni. Watu walionyeshwa filamu ya malaria yenye picha ya mbu aliyekuzwa hadi kujaa pazia, wakasema hawana haja ya kuogopa kwa kuwa kwao hakuna mbu wakubwa hivyo. Kisa hicho kilisimuliwa kuhusu koloni hili na lile, mara mdudu ni mbu, mara ni inzi au kiroboto. Habari inayobadilisha mdudu na nchi kila inaposimuliwa inatueleza zaidi kuhusu wasimuliaji kuliko kuhusu watazamaji.

Kwa hiyo filamu za polepole ziliingia Afrika Mashariki kama dawa ya watu waliodhaniwa kuwa na akili nzito. Polepole ya Campion inamwamini mtazamaji na kumwachia mambo ya kufikiri. Polepole ya Sellers ilimtilia shaka, ikamtafunia kila kitu.

Rungwe inakutana na Jeki

Wakati hayo yakipangwa London, wanaume wa Rungwe walikuwa njiani. Miaka ya 1930 wengi walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Baada ya vita walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba, na wengine wakachukuliwa na Wenela, shirika lililoajiri wafanyakazi wa migodi, kwenda Afrika Kusini. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti Rungwe katikati ya miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu kuhusu safari hizo na jinsi zilivyofungamana na uhaba wa ardhi nyumbani.

Kwenye migodi ya shaba, sinema ilikuwa burudani ya kila wiki. Hortense Powdermaker, mtafiti Mmarekani aliyeishi Luanshya mwaka 1953 na 1954, alikwenda kwenye maonyesho ya uwanjani na kuwahoji watazamaji. Kitabu chake, Copper Town, kilichapishwa mwaka 1962. Aliwakuta watu wa rika zote wakifurika, wakipiga kelele, wakisimama, wakirusha ngumi hewani kumsaidia shujaa wao. Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kaboi. Shujaa wa kaboi, awe nani, aliitwa Jeki. Watoto walimwigiza mitaani wakiwa na bastola za miti.

Watazamaji wale walimpenda kaboi kwa ujanja wake, nguvu za mikono yake, na jinsi anavyotoka salama pale ambapo mtu wa kawaida angekwisha. Kwa mtu aliyeshinda ardhini akitii amri za msimamizi, ni rahisi kuona kwa nini shujaa asiyeinama alipendeza. Filamu za mafunzo, za kunawa mikono na kuweka akiba, zilivumiliwa tu mpaka Jeki atokee.

Wakoloni waliona hilo wakapata hofu ya pili. Bodi ya ukaguzi ya Rhodesia ya Kaskazini ilikata vipande vya filamu kabla Waafrika hawajazitazama. Mabusu yalikatwa, pamoja na mapigano ya aina fulani na chochote kilichodhaniwa kushusha heshima ya mzungu. Filamu ikafika uwanjani ikiwa na mashimo katikati ya hadithi.

Basi tuangalie hali ya mtazamaji yule kwa haki. Maneno ya filamu yalikuwa ya Kiingereza cha Marekani, ambacho wengi uwanjani hawakukielewa. Sauti ilimezwa na kelele. Vipande vinavyojenga hadithi vilikuwa vimekatwa. Kilichobaki kikieleweka bila tafsiri ni ngumi, farasi na bastola. Mtu akiletewa filamu katika hali hiyo akachagua mapigano, hajaonyesha kwamba hana subira. Amechagua kile pekee kilichofika kikiwa kizima.

Kawawa, Django na kibanda umiza

Filamu za Kiswahili zilipopatikana, hali ilikuwa tofauti. Mwaka 1952 ilitoka Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana wa idara ya ustawi wa jamii aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hapo mtazamaji alipewa maneno anayoyaelewa, na mtu anayefanana naye mbele ya kamera.

Kaboi naye hakuondoka. Laura Fair, mwanahistoria aliyeandika kitabu Reel Pleasures juu ya majumba ya sinema ya Tanzania, anaonyesha jinsi wakazi wa miji ya Bara na Zanzibar walivyozipenda filamu za Kihindi, ambazo huenda taratibu na kwa muda mrefu, pamoja na za mapigano. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikaja filamu za kaboi za Waitaliano, na Django ya Sergio Corbucci ya mwaka 1966, akiigiza Franco Nero, ikapata wapenzi wengi. Mtazamaji yuleyule aliweza kulia saa tatu na filamu ya Kihindi, Mother India, na wiki nyingine akashangilia Django. Kasi haikuwa kikwazo, ili mradi hadithi imguse.

Baada ya majumba ya sinema kudorora, video zikaleta kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video mtaani, na kibanda umiza kikaleta mtafsiri. Derek Mukandala, anayejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ni miongoni mwa waliofungua njia hiyo Dar es Salaam, na kanda za filamu alizozitia sauti zilisambaa mbali. Kazi hiyo ina asili katika magari ya sinema ya zamani, ambako mtu mwenye kipaza sauti alieleza picha kwa Kiswahili. Tofauti ni kwamba mtafsiri wa kibandani anasimama upande wa mtazamaji. Filamu inaponyamaza, yeye anaeleza adui anawaza nini, anatia methali, anamkumbusha mtu kilichotokea mwanzoni. Watu hukaa na hadithi mpaka mwisho kwa sababu lugha imewafikia.

Funzo kutoka kwa Leone

Mwaka 1968 Sergio Leone alitoa Once Upon a Time in the West. Filamu hiyo inafunguka na wanaume watatu wakingoja treni kituoni kwa muda mrefu, karibu bila neno, inzi akimsumbua mmoja na tone la maji likimdondokea mwingine. Huko Marekani, nchi ya kaboi wenyewe, filamu hiyo ilifanya vibaya, na kampuni ya Paramount ikaikata zaidi ya dakika 20. Ufaransa iliuza tiketi zaidi ya milioni 14. Filamu ni ileile, lakini watu wa nchi moja waliichoka na wa nchi nyingine wakaipanga foleni.

Hakuna aliyesema Wamarekani wana akili nzito kwa sababu hawakumvumilia Leone. Sisi tuliandikiwa kanuni nzima.

Hukumu yangu katika ubishi huu ni kwamba subira ya mtazamaji hujengwa na mambo matatu: lugha anayoielewa, filamu iliyo kamili, na mtengenezaji anayemheshimu. Yakikosekana hayo, hata filamu yenye Oscar itaonekana tupu. Yakiwepo, mtu wa Ibighi anaweza kukaa na ukimya wa Montana kama mtu wa Paris.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wenye vituo vya televisheni na majukwaa ya filamu: wekeni maandishi ya Kiswahili kwenye filamu zenye maneno mazito, na wapeni kazi watafsiri wetu wenye kipaji, kisha ndipo mseme watazamaji wanataka nini. Kwa walimu, vijana na maofisa utamaduni wa Rungwe: wazee waliofanya kazi kwenye migodi ya shaba miaka ya 1950 wamebaki wachache. Waendeeni na simu zenu, muwarekodi wakieleza walitazama nini, waliketi wapi, walimshangilia nani na kwa nini. Powdermaker alihoji watu wa Luanshya wakati huo. Upande wa Rungwe wa historia hiyo ni kazi yetu, na muda wa kuifanya ni sasa.